Dakika Tatu za Ushuhuda

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua imeanza leo katikati ya mahubiri. Bati letu halina dari, kwa hiyo ikinyesha kanisa zima linageuka ngoma na mhubiri anabaki kuchezesha midomo. Mchungaji Kiongozi akamalizia kwa ishara, tukasimama, tukaimba, tukatoka.

Baada ya ibada ametangaza Jumapili ya Vijana: 24 Novemba. Ratiba ni ileile. Vijana kumi na wawili watabatizwa, kila mmoja atatoa ushuhuda wa dakika tatu kabla ya kuingia majini, na mimi, mchungaji wa vijana, nitafungua kwa ushuhuda wangu, kama mfano. Kijana wetu wa mitambo, tunayemwita Spika, atakaa mbele na kadi zake: kijani endelea, njano malizia, nyekundu kaa chini.

Ushuhuda wangu nimeutoa miaka kumi na tisa. Naweza kuutoa huku nawaza kama nimefunga gari. Mwaka jana niliutoa huku nawaza hivyo hasa.

Nimeomba. Sijasikia kitu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua.

Jumatano, 9 Oktoba

Tumemleta baba nyumbani. Aliteleza bafuni kwake wiki tatu zilizopita, mguu ukavunjika chini ya goti, umewekwa plasta mpaka pajani. Mke wangu ni muuguzi, ndiye aliyesema hawezi kubaki peke yake. Alisema kama anavyosoma cheti cha mgonjwa, bila kunitazama. Nikasema sawa.

Baba ni fundi cherehani, ana miaka sabini na sita. Kwa miaka kumi na moja sasa hajagusa pombe. Kabla ya hapo aliigusa sana. Tumeketi sebuleni.

"Mvua hii itakaa," akasema.

"Itakaa, baba."

"Bora."

"Bora kweli."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu tangu nilipooa. Kanisani kwangu hajawahi kukanyaga, hata siku ya kusimikwa kwangu alituma salamu tu. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilidhani najua.

Binti yetu amempa chumba chake, yeye amehamia kwenye godoro la stoo. Ana miaka kumi na saba, naye yumo kwenye kumi na wawili. Babu yake anamwita "mke wangu" na yeye anamjibu, "Mume gani huyu hajui hata kuosha vikombe?" Wanacheka. Nimekaa nikawaangalia wanavyocheka kama mtu anayetazama mpira wa timu asizozijua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Darasa la ushuhuda. Nimewafundisha kama nilivyofundishwa: kwanza ulivyokuwa, kisha kilichotokea, kisha ulivyo sasa. Dakika moja kila sehemu. Msirembe. Msitaje majina. Malizeni na sentensi watu wataondoka nayo.

Mmoja wao amejifunza kunyoa, tunamwita Kinyozi, kijana mpole hata mashine yake haikwaruzi mtu. Akanyoosha mkono.

"Pasta, mimi sehemu ya kwanza sina."

"Huna vipi?"

"Mimi nilizaliwa, mama akanileta hapa, nikakaa. Sijawahi kwenda popote."

Darasa likacheka. Nikamwambia kila mtu ana sehemu ya kwanza, akatafute vizuri. Ndivyo nilivyomjibu. Nikafuta ubao nikaenda nyumbani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeomba. Sijasikia kitu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimekusanya karatasi kumi na mbili. Kinyozi ametafuta kweli. Ameandika kwamba alivuta bangi miaka miwili, akauza viatu vya mama yake, akalala mitaroni. Huyu Kinyozi ambaye moshi wa uvumba ukimpata anakohoa mpaka anakaa. Msichana anayeimba alto kwaya ameandika kuhusu genge la wasichana. Mwingine alitaka kujiua, na chini ya karatasi amechora ua.

Halafu nikafika kwenye ya binti yangu. Anasema mwaka jana alianza kunywa pombe kwa siri na rafiki zake wa shule, kwamba ilikuwa "ndani ya damu yangu," kwamba asubuhi moja aliamka sakafuni kwa watu hajui amefikaje, akamwita Yesu.

Mwaka jana binti yangu alikuwa nyumbani kila siku saa kumi na moja jioni, akilalamika juu ya hesabu.

Nilijua ni uongo. Nataka niandike hapa wazi kwamba nilijua. Nikachukua kalamu nyekundu, nikasahihisha mkato mmoja na herufi kubwa mbili, nikaandika "Vizuri" na "dak. 2 sek. 50." Nikafanya hivyohivyo kwa Kinyozi. Sikuona sababu ya kufanya lolote lingine. Nilikuwa nimechoka, na karatasi zilikuwa zimeisha.

Jumapili, 20 Oktoba

Ibada. Mvua. Watu wachache.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kanzu za ubatizo zimetoka sandukuni zikiwa na ukungu. Kila mwaka tuna tatizo lilelile: kijana akishuka kisimani, lile birika la ubatizo chini ya jukwaa, kanzu inajaa hewa, inapanda mpaka kifuani, na kina mama wa mbele wanakimbia na khanga kumsitiri. Nililisema hilo mezani ili nisikae kimya. Baba akaomba aletewe kanzu moja.

Akaigeuza, akapima pindo kwa vidole. "Hii haina uzito. Niletee washa za boliti, visahani vya chuma vyenye tundu, zile pana. Nne kila kanzu."

Nimemletea pakiti kutoka duka la vifaa. Sasa anakaa kitini, mguu juu ya stuli, anazishonea ndani ya pindo kwa mkono, moja mbele, moja nyuma, mbili ubavuni. Kanzu kumi na mbili. Mzee asiyeingia kanisani anashonea kanisa zima. Mke wangu amepita, ametazama, akamwekea chai mezani na kuondoka. Huwa anamwekea chai. Hakai.

Jumamosi, 2 Novemba

Binti anafanyia mazoezi ushuhuda wake kwa babu. Nimemsikia kupitia mlango akisoma na babu akishona. Nilikuwa natafuta chaja.

Nimejaribu kukumbuka lini ganzi hii ilianza. Nadhani ni Julai, tulipomzika kijana wa kwaya yetu, mwimbaji wa besi, aliyegongwa na lori. Niliongea vizuri sana makaburini. Watu wazima walilia, mama yake akanishika mikono akaniambia Mungu amenitumia. Na mimi, nikiwa nimeshikwa mikono, nilikuwa nawaza kwamba viti mia na ishirini vya kukodi vinatakiwa kurudishwa kabla ya saa kumi. Nilisubiri jioni ile nione uchungu utakuja lini. Bado nasubiri. Sina huzuni, nisijisingizie. Ni kama mguu uliokaliwa.

Jumanne, 5 Novemba

Baba hali vizuri. Amesema anataka kurudi kwake.

Alhamisi, 7 Novemba

Baba hakula. Mke wangu amempima, hana homa, presha sawa.

"Umemuuliza ana nini?" akaniuliza jikoni.

"Hajasema."

"Nimekuuliza umemuuliza."

"Sijamuuliza."

"Haya, Mchungaji," akasema. Akiniita mchungaji nyumbani ujue nimeharibu. Nikamwona baba kupitia mlango, kanzu ya tisa mapajani, sindano mkononi, hashoni. Nikasema nitamuuliza kesho.

Ijumaa, 8 Novemba

Mkutano wa vijana ulirefuka. Sikumuuliza.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nitaandika mpaka niishie.

Nimerudi saa tisa alasiri kutoka kupima kina cha kisima cha ubatizo. Mvua ilikuwa kubwa. Nikamkuta baba amekaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, magongo yamelazwa ubavuni, begi lake limefungwa kwa kamba, koti limefungwa vifungo vyote. Ndani, juu ya meza, kanzu kumi na mbili zimekunjwa, kola juu ya kola.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nimeita pikipiki. Anasema mvua ipungue."

"Pikipiki na mguu huo?"

"Nitaunyoosha."

Nikakaa kwenye ngazi. Nikamuuliza lile nililokuwa nimeliahirisha siku nne. "Baba, una nini?"

Akakaza kamba ya begi. Halafu akasema, "Mtoto anakunywa."

"Mtoto gani?"

"Mke wangu. Amenisomea mwenyewe. Ameniambia niangalie kama sauti yake inafika." Akafungia mikono katikati ya magoti. "Ameandika ni ndani ya damu. Damu gani? Wewe hukunywa. Mama yake hanywi. Hiyo ni damu yangu. Na mimi nimekuja nimelala kitandani kwake, nimejifunika mashuka yake. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mjukuu je? Acha niondoke kabla sijammaliza."

Nikamwambia si kweli.

"Ameandika."

"Ameandika, lakini si kweli, baba. Hajawahi kunywa."

"Mtoto ajisingizie ulevi? Kanisani? Kwa nini?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Alikuwa amefunika mdomo kwa viganja viwili.

"Babu," akasema, "mimi hata ile divai ya meza ya Bwana inanichefua. Nilitunga."

"Ulitunga kwa nini, mama?"

Akanitazama mimi. Mzee akafuata macho yake mpaka kwangu. Wote wawili wakawa wananitazama. Ilibidi niseme.

"Kwa sababu nimewafundisha hivyo," nikasema. "Nimewaambia kila mtu lazima awe ametoka mahali pabaya. Wasiokuwa napo wanatafuta. Niliisoma, nikajua ni uongo, nikasahihisha herufi kubwa."

Binti akaanza kulia. "Kila mtu ana stori," akasema. "Baba ana stori ya kufungiwa nje. Mimi nina nini? Nina homuweki za hesabu."

Hapo nikatamani mvua iongezeke. Maana baba alikuwa hajawahi kuusikia ushuhuda wangu, ndivyo nilivyoamini, na sasa angeuliza kufungiwa nje ni nini. Miaka kumi na tisa nimesema hivi mbele ya watu: kwamba nilipokuwa na miaka kumi na miwili baba yangu alirudi amelewa, akatupa madaftari yangu kwenye mvua, akanifungia nje, kwamba nilikimbilia kanisani nikalala juu ya benchi usiku kucha, kwamba hakuna aliyenitafuta. Hapo nanyamaza kidogo. Halafu nasema, "Hakuna aliyenitafuta, ila Yesu." Hapo ndipo watu wanasimama.

"Baba," nikaanza, "huko kanisani huwa nasema..."

"Najua unachosema."

"Unajua?"

"Mwaka wa pili tu nililetewa. Fundi mwenzangu alikuwa na ushuhuda wako kwenye kanda, akanichezea dukani mbele ya wateja. Alidhani nitafurahi kumsikia mwanangu." Akavuta pumzi. "Madaftari nilitupa. Hilo kweli. Nilikuwa nimelewa chakari."

"Ndiyo, baba."

"Kufunga mlango sikufunga. Ule mlango haukuwa na komeo, ulikuwa unafungwa na jiwe. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Nikaliona lile jiwe.

"Ulikimbia. Nikakaa kidogo, pombe ikanitoka kwa woga. Haikufika saa nzima, taa zilikuwa bado hazijawashwa. Nikapita kwa mama mdogo wako, nikapita kisima cha kuchotea maji, ndipo nikaja kanisani. Ulikuwa benchi la tatu. Mimi sikuingia, nilikuwa nanuka. Mtu haingii mle ananuka vile. Nikakuita kutoka mlangoni, mara tatu, ukaja. Nikakuvalisha koti, nikakubeba mgongoni. Ulikuwa umelowa chapachapa, mzito! Nilipumzika mara mbili."

Nilimsikiliza, na yote yalikuwa kweli, na yote nilikuwa nayo. Harufu ya koti, chaki ya fundi na pombe. Kichwa changu kikigonga bega lake. Alipopumzika mara ya pili aliniweka juu ya ukuta mfupi akaniuliza kama nimekasirika, nikasema ndiyo, akasema, "Una haki."

"Mbona hukusema, baba? Miaka yote hii?"

"Nilisema moyoni, kama linawafaa watoto wa watu, acha mimi nibaki hivyo. Niliharibu mengi kuliko hilo. Nikisema koti moja limekatwa vibaya, na yale mengine je?" Akapangusa maji kwenye plasta. "Ila kuja kukusikia ndiyo nilishindwa."

Mwenye pikipiki akafika, amevaa mfuko wa plastiki kichwani, akauliza nani anasafiri. Binti akafungua kamba ya begi. Nikamwambia yule kijana hakuna anayesafiri, nikampa hela ya chai kwa usumbufu.

Niandike nilichosikia? Sikusikia kitu. Mambo kama haya yanatokea kwa mtu na hana machozi hata ya kuazima. Nilijua tu kwamba nimekutwa.

Jumapili, 10 Novemba

Nimefikiria hadithi ilivyokua. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na minne, mchungaji aliyenilea alinisikiliza na saa mkononi. Baba alikuwemo: mlangoni, koti, mgongo. Nilitumia dakika saba. Akaniambia, "Ushuhuda ni mtu na Mungu wake. Huyo wa tatu anakula muda, mtoe." Nikamtoa. Sasa nikawa mtoto aliyekaa benchini kwa muda kisha akawa nyumbani, haieleweki amefikaje. Nikaongeza muda. Saa nzima ikawa saa kadhaa, saa kadhaa zikawa usiku kucha. Usiku kucha ukahitaji mlango uliofungwa. Sikukaa hata siku moja nikasema leo natunga. Nilitia chumvi kidogokidogo, nikaonja, watu wakasifu mchuzi.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimemwambia mke wangu yote. Alikuwa anapasi sare yake ya kazi. Akaendelea mpaka akamaliza mkono mmoja.

"Miaka kumi na minane," akasema, "namchukia baba yako kwa ajili yako."

"Nimeona huwa unamhudumia vizuri tu."

"Namhudumia kama mgonjwa wa wodini. Ni kazi yangu. Nilikuwa nikimwekea chai najiambia, huyu ndiye aliyemfungia mtoto nje." Akachomoa pasi ukutani. "Umenifanya nimnyime mzee wa watu salamu ya moyo miaka kumi na minane. Kwa jambo ambalo halikuwepo."

Nikasema samahani.

"Hiyo samahani umeisema kama tangazo," akasema.

Jioni amekaa na baba. Amekaa kabisa, akavua viatu. Wamezungumza juu ya mvua, kisha juu ya mama yangu. Nilikuwa chumbani na mlango wazi.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimewarudishia vijana karatasi zao. Nimewaambia waandike upya, waseme lililokuwepo tu, likiwa sentensi mbili basi ni mbili. Kinyozi akauliza, "Kwa hiyo ile bangi niitoe?"

"Ulivuta?"

"Hapana, Pasta. Hata sijui inawashwa upande gani."

"Itoe."

Akashusha pumzi mpaka dawati likasogea. "Asante. Mama ameshaanza kuhesabu viatu."

Wakacheka sana. Nikawaambia na wangu nitauandika upya, sikusema zaidi. Spika akaandika kitu kwenye daftari lake la ratiba.

Jumanne, 19 Novemba

Mchungaji Kiongozi ameniita ofisini. Amesikia, kuta za kanisa zina masikio. Nikamweleza. Akasikiliza, ana subira ile, akakunja miwani.

"Nakuelewa," akasema. "Ungama kwa Mungu, mwombe mzee radhi, yaishe. Lakini madhabahuni usiguse. Kuna watu wameokoka kupitia ushuhuda ule. Ukiuvunja, unawaambia nini?"

"Sijui."

"Basi kama hujui, nyamaza. Toa Neno tu, mwaka huu acha ushuhuda."

Ana hoja. Nimetembea kurudi nyumbani ndani ya mvua bila kufungua mwavuli, si kwa uchungu, nilisahau tu kwamba ninao.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeomba. Sijasikia kitu.

Nimemwambia baba kwamba huenda nisiseme chochote Jumapili. Akasema, "Wewe ndiye mchungaji." Kisha akauliza ngazi za kanisa ni ngapi. Nikamwambia tatu. Akainama akajaribu gongo lake kwenye kizingiti.

Jumapili, 24 Novemba

Baba amekuja. Mke wangu upande mmoja, gongo upande wa pili, koti limefungwa vifungo vyote. Mlangoni alisimama. Watu walikuwa wanapita kushoto na kulia kwake, yeye kasimama. Nilikuwa mbele, nikamwona, nikajua anafanya nini: alikuwa ananusa mkono wa koti lake. Halafu akaingia. Akakaa benchi la mwisho, mguu kwenye njia.

Niliitwa. Spika akainua kadi ya kijani. Mchungaji Kiongozi alinitazama akatikisa kichwa kidogo sana, mtu mwingine asingeona. Mvua ilikuwa ya manyunyu tu, kila neno lilikuwa linasikika, kwa bahati mbaya.

Nilisema hivi: "Mnajua ushuhuda wangu. Nimesema hakuna aliyenitafuta. Si kweli. Baba yangu alinitafuta. Haikufika saa nzima. Mlango haukufungwa, niliondoka mwenyewe. Alinikuta benchini, akanibeba mgongoni mpaka nyumbani, alipumzika mara mbili. Nimewaficha hayo miaka kumi na tisa kwa sababu bila hayo mlikuwa mnasimama. Naomba radhi kwake na kwenu."

Kadi ilikuwa bado kijani. Hakuna aliyesema amina. Watu walikuwa wanangoja sehemu iliyobaki, na sehemu iliyobaki haikuwepo. Mama mmoja wa mbele alikuwa ameshainuka nusu, kwa mazoea, akakaa tena taratibu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa. "Lakini nilikuwa nimelewa! Aseme na hilo. Madaftari nilitupa mimi."

Kanisa zima likageuka. Baba alikuwa ameshika gongo kama mtu anayetaka kusimama na anajua hawezi.

"Alikuwa amelewa," nikasema kwenye kipaza sauti.

"Eeh," akasema baba, akaegemea.

Mtu akacheka, kisha wengine, kicheko cha watu wasiojua kama kinaruhusiwa. Mimi nilirudi kitini. Na hapo, nikiwa nimekaa, aibu ikanijia. Si wazo la aibu, aibu yenyewe, kali, masikio yakawaka, shingo ikawaka, nikatamani kuingia chini ya jukwaa nikae na maji. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Ni kitu cha kwanza nilichosikia mwilini mwangu tangu Julai, na kilikuwa kinauma, na sikutaka kiishe.

Vijana wakafuata. Kinyozi alitumia sekunde ishirini. Binti yangu alisema: "Nimezaliwa humu ndani. Mara nyingine nachoka na ibada ndefu. Sijawahi kwenda mbali, lakini leo nimeamua kubaki, na hilo hakuna aliyeniamulia." Akashuka kisimani. Kanzu yake ilienda naye chini moja kwa moja, washa zikigonga ngazi, wala pindo halikupanda. Zote kumi na mbili hivyohivyo. Kina mama wakabaki na khanga zao mkononi.

Jumatatu, 25 Novemba

Mchungaji Kiongozi amenipumzisha madhabahuni mpaka mwaka mpya. Hakuwa na hasira. Familia mbili zimehama, msichana mmoja aliyeokoka mwaka juzi kupitia ushuhuda wangu amenitumia ujumbe wa neno moja: "Kwa nini?" Nimeandika jibu mara nne. Nitamtafuta ana kwa ana.

Nimeomba. Nimesikia aibu. Nimekaa nayo.

Jumamosi, 30 Novemba

Plasta imetolewa juzi, leo nimemrudisha baba kwake. Gari halikuweza kuingia kichochoroni kwao, maji yamejaa mpaka katikati ya muundi na chini ni mawe. Tukasimama chini ya upenu wa duka la mwenye saruji, mimi na begi, yeye na magongo. Nyumba yake inaonekana, hatua sitini hivi.

Nikaweka begi juu ya mfuko wa saruji. Nikakunja suruali, nikachuchumaa mbele yake, nikampa mgongo.

"Panda, baba."

Hakupanda. Nikageuka. Alikuwa ananitazama kwa jicho lile la fundi anapoona mteja amevaa nguo nje ndani.

"Nani apande?"

"Wewe. Nikuvushe."

"Inuka huko," akasema. "Usije ukapata la kusimulia."

Nikacheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kikubwa, mwenye duka akachungulia. Baba naye akacheka, akakohoa, akaegemea ukuta. Halafu nikaona nalia. Sijui ni kwa ajili ya kijana wa besi, au koti, au yule mama aliyenishika mikono. Baba hakuuliza. Alisogeza gongo lake pembeni ili nipate nafasi ya kusimama vizuri ukutani, tukatazama maji.

"Yatapungua," akasema.

"Yatapungua, baba."

Yakapungua. Akavuka kwa miguu yake, mimi nyuma na begi. Tulikuwa tumesimama pale saa nzima na dakika kumi. Niliangalia saa tulipofika na tulipoondoka, nisije nikaongeza.